Filamu za Kifini: Geuza Kasha Kabla Hujalipa

Desemba iliyopita nilibeba DVD nne za Kifini kutoka Helsinki mpaka kwa Mama, Tanga. Baada ya chakula cha usiku wapwa zangu wakatandika mkeka, Mama akavaa miwani, na deki ikapokea diski bila kugoma. Nikashika rimoti nitafute Kiingereza. Kifini. Kiswidi. Basi. Mama ni mwalimu mstaafu, Kiingereza anakisoma bila shida, lakini hapo hakuwa na cha kusoma. Akanigeukia: "Sasa mwanangu, hawa wanasemaje?" Nikafasiri kwa mdomo dakika ishirini mpaka koo likakauka, watoto wakalala palepale. Diski ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia ung'avu wa picha wala sauti, hayo utayasoma kwingine. Mimi naangalia mstari mmoja nyuma ya kasha, wenye neno Tekstitys, yaani maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini. Mbele yake tafuta neno englanti, yaani Kiingereza. Ukikuta suomi (Kifini) na ruotsi (Kiswidi) peke yake, rudisha rafuni, hata kama filamu imesifiwa dunia nzima.

Na usijipe moyo kwamba umeshasoma Kifini. Kwanza, filamu kadhaa nzuri za Ufini zina lugha nyingine: Tove (2020), kuhusu maisha ya msanii Tove Jansson, sehemu kubwa ni Kiswidi, na hapo utabaki kukimbizana na maandishi ya Kifini. Pili, Kifini cha vijana wa Helsinki sicho ulichofundishwa. Darasani uliambiwa "mimi" ni minä, kwenye filamu unasikia mä, na maneno mengine mengi yamekatwa hivyohivyo.

Ndiyo maana namba moja yangu ni Aki Kaurismäki, mtengenezaji filamu wa Kifini, na upendeleo huu siufichi. Watu wake husema Kifini cha vitabuni, taratibu, sentensi fupi, kisha wananyamaza. Kuolleet lehdet ya 2023, iliyopata Tuzo ya Jopo la Waamuzi kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ina dakika 81 tu. Ansa anafukuzwa kazi dukani kwa sababu ya chakula kilichopitwa na tarehe, Holappa ni fundi wa chuma anayezama kwenye pombe, na kila redio ikiwashwa ni habari za vita ya Ukraine. Kuna mahali Ansa anamkaribisha huyo bwana chakula cha jioni, na nyumbani ana sahani moja. Anakwenda kununua ya pili. Hakuna muziki wa kukulazimisha ulie, hakuna maelezo, ni mwanamke na sahani yake. Aliyewahi kupanga chumba kimoja ugenini ataelewa bila tafsiri yoyote. Ukiipenda, fuatisha Mies vailla menneisyyttä (2002) na Toivon tuolla puolen (2017), inayomhusu mkimbizi wa Syria aliyefika Helsinki. Kwa Kaurismäki sihesabu hela.

Ya pili ni Guled & Nasra (2021) ya Khadar Ayderus Ahmed, aliyezaliwa Mogadishu na kuhamia Ufini akiwa kijana. Kuna watakaobisha kwamba hii si filamu ya Ufini, maana imepigwa Djibouti na lugha ni Kisomali. Mimi nasema ni ya Ufini na ni yetu pia. Guled ni mchimba kaburi anayekaa nje ya hospitali na koleo akisubiri maiti, huku mkewe anaumwa figo. Ilishinda tuzo kubwa ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika huko Ouagadougou, mwaka uleule. Hiyo ndiyo ya kumnunulia mzazi.

Hytti nro 6 (2021) ya Juho Kuosmanen ni safari ya treni kutoka Moscow mpaka Murmansk, na karibu yote ni Kirusi. Ni nzuri mno, lakini bila englanti kwenye kasha ni hasara tupu. Mpenda ndondi mtafutie Hymyilevä mies (2016) ya mtengenezaji huyohuyo, ya nyeusi na nyeupe, kuhusu Olli Mäki na pambano lake la ubingwa wa dunia la 1962. Ya kutisha ni Pahanhautoja (2022), binti na yai lake.

Diski yangu ya nne ilikuwa Sisu, vita vya Lapland, kaskazini mwa Ufini, 1944. Mazungumzo ni Kiingereza na shujaa hasemi karibu chochote, kwa hiyo lugha haikusumbua, ila damu ni nyingi na watoto walipoamka niliizima.

Za bure ziko maktaba za huku Ufini, chukua kadi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Kwenye kurasa zao wanakuandikia dakika, waigizaji na umri wa mtazamaji, lugha za maandishi mara nyingi hawaandiki. Dukani nilipouliza niliambiwa zote zina Kiingereza. Niliporudi nazo nikaambiwa nailoni imeshachanwa, hazirudishwi. Nitajuaje kilichomo bila kuchana nailoni? Nikasema basi nikodi mtandaoni: filamu niliyolipia Helsinki ikagoma kufunguka nilipofika Tanga, ati haipatikani nchi hii, na hela haikurudi.

Zile tatu ziko kabatini kwa Mama, chini ya vitambaa. Safari hii nabeba mbili, ya Kaurismäki na ya Guled, na zote nimeziweka kwenye deki yangu hapa Helsinki, nikayaona maandishi ya Kiingereza kwa macho yangu ndipo nikazitia begini.