TalkBack: simu inayonisomea dukani kwangu Wete

Hapa Pemba nakutana na watu wengi wasioona, na wengine ambao macho yameanza kuwaaga, wana simu za tachi mfukoni na hawajui kwamba ndani ya simu hizo kuna msomaji anayesubiri kuamshwa tu. Anaitwa TalkBack. Kwenye simu nyingi za Android umo tayari, huununui. Ukipitisha kidole juu ya kioo unakutajia kwa sauti kilichopo chini ya kidole. Ukikisikia unachokitaka, unagonga mara mbili popote pale kwenye kioo, kinafunguka. Nautumia kutwa nzima, tangu kufungua duka hadi kufunga, na nataka niseme wazi unafaa wapi na unakwama wapi.

Mimi nina duka dogo la rejareja mjini Wete: unga, mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, vocha. Macho yangu yamekwenda na presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Ni maradhi yanayoanza kula pembeni. Unaona mbele vizuri, unajihesabu mzima, kumbe mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, na kilichokufa hakirudi tena. Matone ya dawa kazi yake ni kulinda kilichobaki. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata maradhi haya na aende akapime macho sasa, hata kama anasoma herufi ndogo bila taabu.

Baada ya giza kuingia machoni, kutembea hakukunisumbua sana, Wete naijua kwa miguu. Kilichonisumbua ni pesa. Wateja siku hizi wanalipa kwa simu, na malipo ya simu ni maandishi. Meseji ikiingia lazima mtu aisome, na msomaji alikuwa ni yeyote aliyekuwepo: mtoto wa jirani, aliyekaa barazani, mara nyingi mteja mwenyewe. Yaani aliyenilipa ndiye aliyenisomea kwamba kanilipa. Nikitaka kutuma pesa, namtajia mpwa wangu namba ya siri naye ananifanyia. Mpwa wangu ni mwaminifu, sina la kumlaumu hata kidogo. Lakini mtu mzima anapolazimika kumpa kijana namba yake ya siri, kijana akajua una kiasi gani, unamtumia nani, nani anakudai, heshima inapungua bila ya mtu yeyote kukusudia. Mke wangu alipokuwa Unguja kwa matibabu, maneno aliyoniandikia mimi peke yangu yalipita kwanza kwenye kinywa cha mtu wa tatu. Alipolijua hilo, akawa haandiki tena ya maana. Ananiuliza kama nimekula, basi.

Kwa hiyo ninapoupima TalkBack, swali langu la kwanza ni hili: je, mambo yangu yamerudi kuwa yangu? Jibu ni ndiyo, kwa sehemu kubwa.

Kuuwasha ni rahisi. Unaingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, unauwasha. Au unabana vitufe viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, kwa pamoja kwa kama sekunde tatu. Kwenye simu nyingi njia hiyo inakubali ukishaithibitisha mara ya kwanza. Anayekuwashia asikunyang'anye simu halafu akaanza kuonyesha, maana yeye mwenye macho atachanganyikiwa kabla yako: kugonga mara moja hakufungui kitu tena, na kidole kimoja hakisukumi ukurasa, vinatakiwa viwili. Akuache wewe upapase. Mwanzo ni mgumu, nisikudanganye. Sauti inasema mambo mengi kwa wakati mmoja, unatamani kuizima. Jifunze mapema kugonga kwa vidole viwili ili inyamaze, na punguza kasi yake mpaka sikio lizoee. Baadaye mwenyewe utaipandisha. Yangu sasa inakwenda kwa kasi ambayo wageni wakiisikia wanauliza ni lugha gani.

Na lugha yenyewe ni jambo la kuliweka sawa siku ya kwanza. Simu ikitoka dukani mara nyingi sauti ni ya Kiingereza, na ikisoma meseji ya Kiswahili kwa sauti hiyo huambulii neno. Nenda kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti uchague Kiswahili. Sauti ya Google ya Kiswahili inasikika kama mtu, matamshi yake mazuri. Ipo nyingine, eSpeak, ya bure pia, inayotamka kwa ukavu wa mashine, lakini ni nyepesi kwa simu yenye nguvu ndogo. Nimezitumia zote mbili. Kwenye simu yangu ya kwanza, ya bei ya chini, ile ya Google ilikuwa inachelewa, nagusa hapa inanitajia pale, nikahamia eSpeak na kazi ikaenda. Zote zinakwama kwenye maandishi ya vijana. Anayeniandikia "2taonana" anasomwa "mbili taonana", na "cjui" inakuja kwa sura ambayo inabidi nitulie nifikiri. Msahafu sikubali kusomewa na sauti ya mashine. Hapo nawasikiliza wasomaji wenyewe.

Sasa twende dukani. Mteja anachukua kilo mbili za sukari na sabuni, ananitumia pesa, anasema, "Ami, imeingia hiyo." Nina hedifoni sikio moja, la pili nimeliacha kwa ajili ya watu. Simu inalia, TalkBack unataja kwanza nani katuma meseji, kisha kiasi, kisha jina la mlipaji, kisha salio langu. Salio nalisikia mimi tu. Namjibu, "Imeingia, ahsante," naye anakwenda zake. Hilo la kutaja mtumaji kwanza wenye macho hulipita haraka, kwangu ndiyo ngao. Meseji ya malipo ya kweli inakuja kwa jina la huduma ya pesa. Matapeli huandika maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, lakini inatoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Pamewahi kusimama mtu mbele ya meza yangu akisisitiza kanilipa mfuko wa unga, na sikioni nasikia meseji yake inaanza na sifuri saba. Nikamwomba aurudishe mfuko. Aliurudisha.

Kutuma pesa ni kazi zaidi, na hapa ndipo penye kasoro kubwa. Menyu za kupiga nyota na reli hazikutengenezwa zikimfikiria mtu kama mimi. Menyu inafunguka, TalkBack unaisoma yote tangu moja hadi nane, natelezesha kidole hadi kwenye nafasi ya kuandika, nagonga, natafuta tarakimu, nateremka kwenye kitufe cha kutuma, na wakati huo mtandao umeshakata kwa kuwa muda umekwisha. Unaanza upya. Mwenye macho anamaliza hatua hiyo kwa kupepesa jicho, mimi nashindana na saa. Tena tarakimu za namba ya siri kwenye menyu hizo zinasomwa kwa sauti kama maandishi mengine yoyote, basi usizipige bila hedifoni hata ukiwa chumbani. Wanaosimamia huduma hizi wangeongeza tu muda wa kusubiri, tungepona wengi: wasioona, wazee, wenye mikono inayotetemeka.

Nilihamia kwenye programu ya simu ya mtandao ninaoutumia. Afadhali, haina haraka, na namba ya siri haitamkwi, unasikia kitone, kitone, kitone. Lakini vitufe vyake vingine havikupewa majina na walioitengeneza. Mwenye macho anaona picha ya mkoba au mshale, mimi nasikia "kitufe" na ukimya. Kitufe gani? Cha kutuma au cha kufuta? TalkBack una dawa ya hapo, unakuruhusu kukibandika kitufe jina lako mwenyewe. Mpwa wangu aliniangalizia mara moja, tukavibandika majina, na tangu hapo sikumhitaji, mpaka programu iliposasishwa na baadhi ya majina yakapotea. Kukipa kitufe jina ni kazi ndogo mno kwa fundi wa programu. Anaandika neno moja. Nawasihi vijana wetu wa Zanzibar wanaosomea kazi hiyo walishike hili tangu mwanzo.

Kuna kitu kingine nakipenda: TalkBack unaweza kukizima kioo kikawa cheusi kabisa huku simu ikiendelea kufanya kazi. Nakaa kwenye daladala ya kwenda Chake Chake, nasoma meseji za mke wangu, na aliyekaa ubavuni anaona simu iliyolala. Sasa ameanza tena kuniandikia ya maana.

Noti bado ni za mkono. Noti yetu ya 10,000 ni kubwa kuliko ya 5,000, na nyingine zinashuka hivyo hivyo, kwa hiyo vidole vinazijua, isipokuwa zikichakaa. Google wana programu nyingine iitwayo Lookout inayotaja noti kwa kutumia kamera. Nilipoijaribu ilikuwa inajua dola ya Marekani, euro na rupia ya India. Shilingi yetu haikuwemo. Kwa dukani haikunifaa, lakini kusoma maandishi ya kwenye makopo inajitahidi. Ikishindwa, ipo Be My Eyes, iliyoanzishwa mwaka 2015 na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, mwenyewe ana uoni hafifu. Unapiga simu ya video, anapokea mtu wa kujitolea mwenye macho, anakusomea. Inataka bando la kutosha. Naitumia kwa tarehe za kwisha muda wa dawa za macho, ambapo sitaki kubahatisha.

Jambo linaloniudhi kuliko yote wala halimo ndani ya simu. Ni picha. Kundi la mtaa, kundi la wazazi wa skuli, kundi la msikiti, kila tangazo sasa linapambwa maua pembeni, linageuzwa picha na kutumwa. Simu yangu ikifika hapo inasema "picha" na kunyamaza. Tangazo la msiba wa mtu niliyecheza naye utotoni lilinijia hivyo. Maziko yetu hayangoji. Aliyefariki alfajiri, baada ya adhuhuri keshazikwa. Niliambiwa jioni na mteja aliyefuata mafuta, akashangaa hakuniona makaburini. Matangazo ya vifo ya redioni hayakuwahi kumwacha asiyeona nje. WhatsApp yenyewe TalkBack unaisoma vizuri sana, kwa hiyo tatizo si mashine. Ukituma picha, andika chini yake mstari mmoja: fulani kafariki, maziko saa saba, mahala fulani. Nawaomba ndugu zangu, khasa mnaosimamia makundi.

Nilipotafuta ni nani aliyefikiria kitu hiki, nilimkuta T. V. Raman, mhandisi wa Google aliyezaliwa India na kupofuka akiwa na miaka 14, kwa glakoma. Yeye na mwenzake Charles Chen ndio walioutengeneza TalkBack, ukatoka mwaka 2009. Nilikaa na habari hiyo muda mrefu. Maradhi yangu yale yale. Nadhani ndiyo sababu vitu vidogo, kama kioo cheusi na kitone badala ya namba, vimo humo: aliyeviwaza anajua maana ya kusomewa mambo yako na watu.

Kwa mwenye duka au kazi kama yangu, nasema chukua simu yenye nguvu ya wastani, usiende kwenye ya bei ya chini kabisa, na ununue hedifoni ya waya ya akiba, maana ndiyo inayokufa mwanzo. Chaji inapungua haraka TalkBack ukiwa kazini, panga na hilo.

Mimi sasa nimeanza na kompyuta. Huko natumia NVDA, msomaji wa kioo wa bure kwa Windows ulioanzwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, Waaustralia wawili wasioona. Unakuja na eSpeak ndani yake, kwa hiyo Kiswahili kipo. Nahamishia humo daftari la madeni. Mpaka hivi karibuni nilikuwa naandikiwa na yeyote, na kila aliyeandika alijua nani katika mtaa amekopa mchele na nani hajalipa tangu msimu wa karafuu. Wateja wangu nao wana siri zao. Ramadhani ikikaribia watu hukopa zaidi, na nimekusudia ifike hali nikiwa nayaandika majina na hesabu zao mwenyewe, kwa mikono yangu.