Kadi 200, zote zimepasuka kwenye mkunjo

Naanza na haki ya wachapaji walionitengenezea kadi hizi: rangi wanazijua. Oda yangu ya kadi 200 za pole na za harusi ilitoka na rangi ileile niliyoiona kwenye sampuli, kingo zimekatwa safi, na bahasha za ukubwa wa C6 zinazipokea kadi za ukubwa wa A6 bila kubana. Ndani waliacha karatasi bila laminesheni, ule utando wa plastiki, kama nilivyoomba, kwa hiyo kalamu inaandika bila wino kuchafuka. Kwa hayo nilitaka kuwapa nyota tatu.

Lakini mkunjo! Ishike kadi ya pole uitazame kwa karibu. Jalada ni kijani iliyokolea hadi ukingoni, halafu mgongoni, juu hadi chini, kuna mstari mweupe wenye meno meno, kama umeparuliwa kwa ukucha. Ukipitisha kidole, vumbi la kijani linabaki kwenye ngozi. Unampaje mfiwa kitu cha namna hiyo?

Niliporudi nazo, yule wa kaunta hakuifungua hata moja. "Dada, karatasi ngumu zote hupasuka. Ungetaka isipasuke ungechukua laini." Si kweli, na mtu wa kazi hiyo anapaswa kujua si kweli.

Kwenye uchapaji wa leza, tona, yaani unga wa rangi, hainyonywi na karatasi. Inayeyushwa na joto, ikakaa juu kama ngozi nyembamba. Ukikunja karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba hivihivi, upande wa nje unavutwa na ngozi ile inakatika. Dawa yake inajulikana: karatasi ikizidi gramu 200 hivi, inapigwa kwanza mfereji wa kukunjia, yaani mstari wa kubonyezwa, kwa mashine au kwa ubao wa mifereji, kisha inakunjwa ili kale katuta kanakojitokeza kabaki upande wa ndani wa kadi. Wao walikunja kwa mkono, wakasugua na rula, basi.

Kosa la pili linaniuma zaidi kwa sababu lilifanywa ili kubana matumizi ya karatasi. Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na mkunjo unatakiwa ufuate nyuzi, usizikate. Kujua ni rahisi: pinda karatasi taratibu huku na huku bila kuivunja, inakopinda kwa urahisi, mstari wa mpindo ndio mwelekeo wa nyuzi. Karatasi kubwa ya kuchapia ya SRA3, milimita 320 kwa 450, inabeba kadi nne za kusimama zikiwa bado hazijakunjwa, pamoja na ziada ya milimita 3 ya kukatwa kila upande. Ila zikipangwa hivyo, mkunjo unalala sambamba na upande mfupi wa karatasi. Kama nyuzi zimelala kwa urefu, kila mkunjo unazikata. Ukizigeuza kadi zifuate nyuzi, zinaingia mbili tu. Kwa hiyo mchapaji ama anunue karatasi yenye nyuzi za upande mfupi, ama akubali idadi ya karatasi iwe maradufu. Hawa walipanga nne, wakakunja, wakanyamaza.

Mwanzoni nilikuwa nashauri: wapelekeeni postikadi, maana hazikunjwi, ila kadi za kukunja ziombeni bapa, na mfereji mpige wenyewe. Jalada lenye rangi nzito hadi mgongoni lipakeni laminesheni upande wa nje kabla ya mfereji. Inaishika tona isimenyuke.

Sasa naufuta ushauri huo, hata wa postikadi. Nimeirudia ile sampuli waliyonionyesha kabla sijalipa. Nimeifungua kwenye mwanga: mgongo hauna ufa, na ndani kuna katuta kamenyooka kabisa, ka mfereji uliopigwa kwa mashine. Nyota moja, na hiyo ni ya rangi.