Asali ya chupa na mwongozo wa simu: duka moja la Tabora
Duka hili dogo lililo karibu na stesheni ya reli mjini Tabora huuza asali ya misitu ya miombo pamoja na mwongozo wa ufugaji nyuki unaotumwa kwa simu, nami, ninayepima kama niuze bidhaa za kushikika au za kidijitali, nilinunua vyote viwili. Asali ni nzito na safi, na mteja huionja kabla ya kulipa, jambo ninalolithamini sana. Lakini kila chupa inadai mtaji mpya, kifungashio na nauli ya mzigo. Mwongozo huandikwa mara moja ukauzwa mara nyingi, ila picha zake ni hafifu, na yeyote aliyeupata anaweza kuusambaza bure. Asali nitairudia, mwongozo ufanyiwe marekebisho kwanza.