Gasketi ya shilingi 4,000 kwenye pampu ya petroli ya inchi 3: uzoefu wangu Hombolo

Nimeinunua, nimeifunga na nimemwagilia nayo, kwa hiyo naweza kuisemea. Ni gasketi ya mpira mweusi ya mdomo wa kuvutia maji, ile inayokaa kati ya bodi ya pampu na flenji (sahani yenye bolti) ya mpira mkubwa wa kuvutia, yenye ulimi wake katikati unaozuia maji yasirudi kisimani. Pampu yangu ni ya inchi 3, injini ya petroli ya nguvu farasi 6.5, Mchina wa kawaida ambaye wakulima wengi wa Dodoma wanaye. Kama yako inanguruma vizuri lakini maji hayatoki, soma kabla hujampa mtu hela ya injini.

Nalima nyanya na vitunguu upande wa Hombolo, na maji nayatoa kwenye kisima nilichochimba kwenye mchanga wa korongo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni jua na upepo. Juni maji yako karibu, unayaona. Septemba yameshuka, na mpira unaning'inia chini zaidi kuliko ulivyoanza. Hapo ndipo pampu ilipogoma. Naijaza maji, navuta kamba, injini inawaka, mpira wa kutolea unavimba kidogo, unatema maji yenye mapovu, kisha unalala. Nazima, najaza tena, navuta tena. Petroli inaungua bure na nyanya ziko kwenye maua. Mwenye nyanya anajua: ikikosa maji leo ikapewa mengi kesho, matunda yanaoza kitako, na tenga la namna hiyo hakuna dalali atakayeligusa.

Duka la kwanza nililoulizia mjini waliniambia pampu imechoka, ninunue nyingine. Fundi mwingine akataka kuifungua injini abadilishe ringi za pistoni. Injini inayowaka kwa mvuto mmoja! Iliniuma sana, kwa sababu najua wenzangu wengi wameshatoa hela kwa maneno hayo hayo.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja fundi wa pampu, karibu na soko la Majengo. Hakushika spana kwanza, aliuliza.

"Shikamoo mama. Ukiizima, yale maji uliyojaza yanabaki ndani?"

"Marahaba mwanangu. Hayabaki. Nikifungua kifuniko cha juu baada ya muda mfupi nakuta yameshuka."

"Na mapovu yanatoka kwenye mpira wa kutolea?"

"Yanatoka, tena mengi."

"Basi injini iache ilivyo, mama. Mashine inakunywa hewa."

Akafungua mpira wa kuvutia, akaijaza pampu maji, akawasha kwa moto mdogo na kuziba mdomo wa kuvutia kwa kiganja. Kiganja kikavutwa, maana yake pampu yenyewe ina nguvu. Halafu akapaka povu la sabuni kuzunguka flenji. Karibu na bolti ya chini povu likawa linazama ndani, kidogo kidogo, kwenye sehemu moja tu. Hilo ndilo jaribio ninalomwomba kila mwenye pampu alijue, kwa sababu uvujaji wa upande wa kuvuta hauonekani. Upande wa kutolea maji ukivuja unalowa, unauona. Upande wa kuvuta ukivuja unabaki mkavu kabisa, unaingiza hewa tu, kama mrija wa soda uliotoboka.

Kijana akanieleza jambo ambalo lilinifungua macho kuhusu Septemba. Pampu hizi zinaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Usawa wa bahari uzito huo unatosha kuyapandisha kama mita 10 kwa hesabu. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hesabu inashuka hadi karibu mita 9, na hapo bado hujatoa msuguano ndani ya mpira. Boksi la pampu yangu limeandikwa mita 8. Huku kwetu mimi nahesabu 6, na napanga kisima changu hivyo. Sasa ukiongeza gasketi iliyochoka, Juni pampu inastahimili kwa sababu maji yako juu. Kadiri yanavyoshuka, ndivyo mvutano ndani ya mpira unavyozidi, na kitundu kile kile kinameza hewa nyingi zaidi, mpaka siku moja maji hayafiki. Kwa hiyo gasketi ilikuwa inaisha tangu zamani, maji ya karibu yalikuwa yanaificha.

Alipofungua flenji niliitazama kwa makini. Mpira wa gasketi ulikuwa umekuwa mgumu, ukiubonyeza kwa ukucha alama inabaki. Upande uliobanwa ulikuwa umelala bapa na kung'aa. Kutoka kwenye tundu la bolti ya chini kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na ndani ya ufa punje za mchanga wa korongo zimekaa kabisa. Ulimi nao ulikuwa umepinda, haufuniki, ndiyo maana maji niliyojaza yalikuwa yanarudi kisimani.

Wengi kijijini wakifika hapo wanakata kiraka cha tyubu ya baiskeli. Nimeziona pampu za majirani zilizofanyiwa hivyo, na sikubaliani nayo. Tyubu ni laini mno: ukikaza bolti inajikunja kuelekea ndani, inaziba njia ya maji, na mkato wa mkasi haulali sawa. Inakusogeza siku chache, kisha unarudi pale pale. Silikoni ya mrija nayo kwenye gasketi hii siitaki, kwa sababu inayozidi inaminywa ndani na inaweza kuugandisha ulimi, au ikameguka ikaenda kwenye impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji.

Niliyonunua ilikuja kwenye seti: gasketi ya mdomo yenye ulimi, oringi (pete ya mpira) kubwa ya bodi, na washa za kaplingi, vile viungio vya mipira. Gasketi peke yake ni shilingi 4,000, ukitaka seti nzima unaongeza. Muuzaji alisema ni mpira wa nitraili, ule usiovimba ukiguswa na mafuta, na mpaka sasa haujavimba, ingawa mikono yangu huwa na petroli kila ninapoishika pampu. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Mimi nilipewa kwanza nyingine ya inchi 3 hiyo hiyo, kwa macho zinafanana, lakini matundu ya bolti yalipishana kidogo. Zilaze moja juu ya nyingine, uangalie na unene. Gasketi nyembamba kuliko ya awali haibani hata ukaze namna gani.

Kufunga ni kazi ndogo ila inataka utulivu. Kijana alifuta nyuso zote mbili kwa kitambaa, mabaki magumu akayatoa kwa msasa laini uliozungushiwa kibao. Patasi alikataa kabisa, kwa kuwa bodi ni ya aluminiamu na mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya hewa. Akapitisha grisi kidogo sana kwenye mpira, akaingiza bolti zote kwa mkono kwanza, kisha akakaza kwa mshazari, kidogo huku, kidogo kule. Akanionya nisije nikamwita kijana wa misuli kunikazia. Nyuzi za aluminiamu zikikatika, hapo ndipo gharama inapoanza. Oringi ya bodi hatukubadilisha, ilikuwa bado inarudi ukiibonyeza. Washa za kaplingi tulibadilisha, maana ya zamani ilikuwa imeliwa upande mmoja.

Shambani nikaijaza maji mpaka juu, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu pampu ikizunguka kavu sili ya shafti, ile inayozuia maji yasivuje kuelekea kwenye injini, inaungua. Nikavuta kamba. Mpira wa kutolea ulijaa kabla ya dakika mbili, bila povu, na maji yakafika hadi matuta ya mwisho ya vitunguu, ambako yalikuwa yameacha kufika. Nilifurahi mno. Jioni niliizima, asubuhi nikafungua kifuniko nikakuta maji bado yamo ndani.

Malalamiko ninayo. Pakiti haina kipimo chochote, hata unene haujaandikwa, na hilo linamtesa mkulima anayetuma mtu wa bodaboda kutoka kijijini. Washa za kaplingi zilizomo ni nyembamba. Moja imeshaanza kubonyea, nimenunua nyingine nene kando. Ulimi ulikuja mgumu kidogo, ilibidi ukunjwekunjwe kwa mkono kabla ya kufungwa, la sivyo ungechelewa kufunguka.

Kwa gasketi yenyewe natoa alama 5 kati ya 5, kwa seti nzima natoa 3. Nikienda tena mjini nitachukua gasketi mbili peke yake bila seti, moja niiweke kwenye kopo na spana zangu, mbali na jua. Fundi naye namlipa kwa moyo mmoja. Aliniuliza kama nataka abadilishe na sili ya shafti kwa kuwa pampu imeshafunguliwa, kisha yeye mwenyewe akachungulia kati ya injini na pampu, akaona pakavu, akaniambia: "Hii haidondoshi, mama. Tusiiguse."