API 610 au ASME B73.1: pampu gani kwa bohari la mafuta?

Kila bohari la mafuta Kisumu au Nakuru linapotaka pampu mpya ya sentrifuga, mabishano huwa haya. API 610 ni kiwango cha pampu za sekta ya mafuta na gesi; ASME B73.1 ni cha pampu za kemikali. Toleo la 12 la API 610, la 2021, halimaanishi kila pampu iwe ya API.

Kwa bei, B73.1 ni nafuu. Vipimo vyake vya nje vimesanifishwa, kwa hiyo pampu ya kiwanda kingine yenye saizi ileile hukaa kwenye msingi uleule bila kukata bomba. Ya API ikiharibika nyumba yake (ganda linalobeba kimiminika), utamsubiri aliyeiunda.

Kwa uimara, API 610 inadai beringi zinazodumu angalau saa 25,000, B73.1, saa 17,500. Lakini angalia miguu kwanza. B73.1 imekanyaga chini ya nyumba: kimiminika kikiwa moto, chuma hutanuka kwenda juu, shafti inaachana na mstari wa mota, sili (kizibo cha shafti) inaanza kuvuja. API aina ya OH2 imeshikwa usawa wa shafti, hivyo mstari haupotei. Huvumilia pia bomba linaloisukuma flanji (sahani ya kuungia bomba).

Kupakia dizeli kwenye malori, joto la kawaida? B73.1 yatosha, ila dai nyumba ya chuma cha kaboni, na fundi apange shafti tena baada ya kufunga mabomba. Shinikizo la kutoka likizidi kPa 1,900, joto 150°C, au mwinuko ambao pampu inasukumia kimiminika mita 120, hata kimoja tu, lipia API.