Haller Park, Bamburi: tazama chini kabla ya kumtazama twiga

Wageni wengi huingia Haller Park, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kwa ajili ya twiga. Hupanda jukwaa, humlisha mnyama kwa mkono, hupigwa picha, kisha hutoka. Sikatai kwamba watoto hufurahi, lakini nikiulizwa kiingilio kinalipia nini hasa, jibu langu ni udongo.

Mahali hapa palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na malighafi yake ilikuwa mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa papo hapo, hata ikabaki sakafu nyeupe ya mwamba, yenye joto kali na isiyo na udongo, huku maji ya chumvichumvi yakiwa karibu chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, alianza kazi ya kuirudishia uhai. Alijaribu aina 26 za miti, zikasalimika tatu tu: mnazi, mti mmoja ambao kwao ni Somalia na kusini mwa Uarabuni, na mvinje, ambao watu wa pwani tunaujua kwa jinsi unavyosimama mchangani na kustahimili chumvi.

Mizizi ya mvinje hushirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo uliweza kumea pale ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Hata hivyo, majani yake membamba kama sindano yana tanini nyingi, yaani kemikali chungu ya mimea inayochelewesha kuoza, yakawa yanaanguka na kulundikana bila kuoza. Msitu ulikuwa umesimama, lakini chini yake hapakuzaliwa kitu. Aliyefungua fundo hilo ni jongoo. Majongoo wakubwa wenye miguu myekundu waliletwa kwa mamia, wakayatafuna majani hayo, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria waliokamilisha kazi ya kutengeneza mboji. Methali yetu humtupa jongoo pamoja na mti wake. Haller aliwaokota wote wawili.

Ukishajua hayo, matembezi yenyewe hubadilika. Kivuli unachopita ndani yake, mabwawa ya samaki, mamba na kobe wakubwa, vyote vinategemea tabaka la udongo ambalo lina umri mdogo kuliko baadhi ya wageni wanaolikanyaga. Kisa cha kiboko Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 na kuandamana na kobe mzee aliyeitwa Mzee, kimesimuliwa mno, nami sitakirudia.

Natoa nyota nne kati ya tano. Moja naizuia kwa sababu mbili. Kwanza, huu si msitu wa asili wa pwani uliorudi, bali ni kitu kipya kilichoundwa, na mvinje wenyewe ni mti wenye asili ya mbali, kwa hiyo anayetumia bustani hii kama hoja ya kuchimba kwingine kwa kuwa "patafufuliwa" anatia chumvi. Pili, uhai huu uko nyuma ya lango la malipo, ilhali mitaa ya Bamburi na Kisauni imeuzunguka kwa msongamano na ina haja ya kivuli kila siku, wala si siku za sikukuu peke yake. Afadhali sehemu nyingine ya machimbo hayo hayo imewekewa njia za msituni, ambako wenyeji huenda kukimbia na kuendesha baiskeli, na kwangu hiyo ndiyo nusu ya mradi iliyo karibu zaidi na maisha ya mji.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali, na uchukue mwongoza wageni. Akikuuliza ungependa kuonyeshwa nini kwanza, mwombe afukue majani chini ya mvinje.