Akili and Me, Ubongo Kids na kina Baha: vipindi vya watoto nilivyovikalia mwenyewe

Haya jamani, kina mama wa hapa mtaani Kisauni, Mombasa, wameniuliza sana watoto wangu waangalia nini, manake wamemuona huyu mdogo akipanda ngazi za gorofa anazihesabu moja moja kwa sauti, sasa naandika mara moja nisirudierudie. Mimi ni mzazi tu, nina wawili, wa kike yuko PP1, yaani chekechea mwaka wa kwanza, na wa kiume gredi ya 5, na kwangu tivii ina masharti: wakitoka shule wanakwenda chuoni, yaani madrasa, wakirudi wanakoga, wanakula, ndio rimoti inatoka, na mimi nakaa nao kwenye mkeka mpaka mwisho. Kwa hiyo ninachosema nimekiona.

Naanza na Akili and Me juu ndiyo imenikaa moyoni. Inatengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, haohao wa Ubongo Kids. Akili ni mtoto wa miaka 4, anakaa na familia yake chini ya mlima Kilimanjaro, akilala anaingia nchi ya ndoto inaitwa Lala Land, huko ana marafiki wanyama, kuna simba mdogo, kuna kiboko, kuna komba, na huko ndio wanajifunza hesabu, herufi, kuchora na maneno ya Kiingereza. Ukisikia hivyo utasema aah si katuni kama katuni zingine. Hapana. Hawa wakimuuliza mtoto swali WANANYAMAZA. Wanamngoja ajibu. Mara ya kwanza nilidhani intaneti imekwama, nimeshanyoosha mkono kuchukua simu, mara binti yangu kasimama pale kwenye mkeka, punje za wali bado ziko kidevuni, kanyoosha vidole vitatu kasema "TATU!" kisha kaganda anaangalia tivii vile mtoto anavyomuangalia mwalimu akingoja kuambiwa vizuri. Wallahi machozi yalinilenga. Huyu mtoto kabla ya hapo alikuwa na katuni za ng'ambo, zinakimbia mbio mbio, Kiingereza juu ya Kiingereza, yeye mdomo wazi tu, ukimwita mara tatu hasikii. Hapa anaulizwa kwa lugha anayozungumza na nyanyake, na kuna mtu anataka kujua yeye asemaje.

Na nyanyake pia hujibu. Mamangu shule hakupelekwa, alisoma chuo tu, basi jioni anakaa hapo na uteo wake anachambua mchele, swali likiulizwa wote wawili wanahesabu pamoja, mmoja kwa vidole mwengine kwa mawe anayotoa kwenye mchele. Sijawahi kuona kipindi kingine kinawaweka hawa wawili pamoja hivyo.

Ubongo Kids ni ya wakubwa kidogo, ilianza 2014, mambo ya hesabu na sayansi, kuna kina Kibena, Koba, Kiduchu, Amani na Baraka, na kijiji chao kinaitwa Kokotoa, jina lenyewe tayari ni hesabu. Kitu nilichokipenda nilipoijua ni kwamba walifikiria watu wasio na simu kubwa, walikuwa na mpango wa mtoto kujibu maswali kwa SMS hata kwa kabambe, ile simu ndogo ya kubonyeza. Mimi niliingia huko 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, huyu wa kiume alikuwa PP2, akakaa nyumbani mpaka Januari 2021, nami sikuwa na hela ya mwalimu wa kuja nyumbani. Mengi wakati ule yalimpita kichwani, nyimbo ndio alizishika, lakini baadaye nikaona zile nyimbo zinarudi na maana zake.

Ramadhani iliyopita nimepika mkate wa sinia, nikamwambia ukate wewe leo. Akaukata katikati, akakata tena, akakata tena, vipande vinane sawasawa, akasema nyanya nakupa thumuni mbili. Mamangu akamuangalia, akamwambia mjukuu wangu thumuni mbili si shilingi hiyo, utanipa shilingi nile? Kijana akamueleza taratibu, la nyanya, thumuni ni moja ya nane, nikikupa mbili ni robo. Akaviweka vile vipande viwili pamoja kwenye sahani amuonyeshe. Mamangu miaka yote neno hilo alilijua kama senti hamsini, siku hiyo alikaa akilirudia mdomoni, thumuni, thumuni, mpaka adhana.

Sasa na kasoro niseme. Lugha ni ya Bongo, si mbaya, Kiswahili chao kitamu na kimenyooka, lakini wangu siku hizi waniambia mama tupande bajaji, hapa twasema tuktuk, inabidi uwaeleze kwamba kule kwaita hivi na sisi twaita hivi. Hilo dogo. Kubwa linaloniuma ni kwamba sisi Pwani hatumo. Binti yangu ajua Kilimanjaro ambayo hajaiona, na feri ya Likoni anayopanda kila wiki kwenda kwa shangazi yake sijaiona kwenye kipindi chochote cha watoto, sijaona mtoto amebeba juzuu yake anakwenda chuo saa kumi, sijaona mtoto ametumwa viazi karai akarudi na chenji pungufu aambiwe ahesabu tena. Hesabu ziko tele mtaani kwetu! Na jingine, mkiangalia kwa simu msimuachie mtoto peke yake, kikiisha kimoja inaruka yenyewe kwenye vitu ambavyo hukuvichagua.

Za watu halisi, si katuni, mimi bado naisifu Machachari ya Citizen TV, nilikuwa naiangalia na wadogo zangu, ile ya Baha, Govi na Almasi. Almasi ametoka nyumba ya pesa, wenzake mtaa wa kubangaiza, na urafiki ukawa urafiki kweli, wanagombana, wanadanganya, wanashikwa, mama anafoka vile mama anavyofoka haswa. Ni Nairobi tupu na sheng nyingi, hilo ujue, lakini watoto wale waliachiwa kuwa watoto. Tahidi High ilikuwa ya sekondari, mapenzi mengi, ya gredi ya 5 sio, wakifika umri huo tutaongea.

Kwa hiyo ukiniuliza: wa PP1 na PP2 mpe Akili and Me, wa gredi ya 3 kwenda juu mpe Ubongo Kids, na likija swali wewe nyamaza, usimjibie. Kimoja kwa siku kwangu chatosha, cha pili hawasikii tena. Na mwenye kukijua kipindi cha watoto kilichotengenezwa huku kwetu, kiwe Mombasa, Lamu au Kilifi, aniandikie jina nikitafute leo leo, mamangu ndiye anayeuliza.